Darasa la Mlango wa Jikoni

Binti yangu uliye mbali,

Tu wazima, ila goti langu halijaniachia. Kaka yako bado yumo kwenye kundi lenu la walimu la mtandaoni. Kila asubuhi anavaa shati la kazi, anaandika hesabu kwa chaki kwenye mlango wa jikoni, anawatumia wenzake picha. Wanamsifu, "Mwalimu, leo umetuokoa!"

Lakini shule ilishamwachisha kazi, na maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia aseme ukweli. Akanijibu, "Mama, wakijua watanitoa. Nitabaki na nani?"

Wewe ndiye msimamizi wa kundi, na sheria yenu ni kwamba abaki mwenye darasa tu. Usimtoe, mwanangu. Jana, alipokuwa akiandika mlangoni, nilikaa sakafuni nyuma yake nikanyoosha mkono, ili awe na mwanafunzi. Hakugeuka.

Ni mimi,
mama yenu