Mwenye Miksi Ni Nani

Usinipigie. Niko kwenye ngazi za ofisi ya hakimiliki, nakuandikia tu.

Si unamjua yule DJ wa mtaa wa pili, aliyeiba miksi yangu akaipakia mtandaoni kwa jina lake? Leo nimekwenda kumshtaki. Nimevaa hadi lile shati la harusi ya dada.

Nimepokewa na mama mmoja mpole, miwani inaning'inia kifuani. Nikamwekea spika mezani. "Sikiliza, mama. Dakika ya tatu, sauti inayotaja jina langu ni yangu. Ya saba pia." Akawa anafuatisha mdundo kwa kichwa. Nikajua kesi imekwisha.

Nikatoa na orodha ya nyimbo zote thelathini na nane, na waimbaji wake. Hakuniomba. Nimeitoa mwenyewe kwenye bahasha.

Akaisoma polepole. "Na barua za hawa waimbaji kukuruhusu, ziko wapi?"

Nikamwambia hakuna shida, kila wimbo nimeuongezea kasi kidogo ili mtandao usiutambue.

Nimesema hivyo. Kwa mdomo wangu huu. Akaniomba nirudie, anaandika.

Kisha akauliza, "Una hakika miksi ni yako, mwanangu, si ya huyo mwenzako?"

Mlango wa kujiokoa ndio huo, amenifungulia mwenyewe. Lakini unanijua. Nikaapa kwamba ni yangu, mwanzo hadi mwisho, na yule hajagusa hata wimbo mmoja.

Akanisogezea ile karatasi aliyoandika maneno yangu, na kalamu.

Nimesaini. Na jina langu la u-DJ nimeliandika, kwa herufi kubwa.