Sufuria ya Naisimoi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Korogwe. Nimelala kwa dada Upendo, Kilole. Asubuhi hospitali — damu, halafu mkojo. Wanataka kuona ini. Rosina wa maabara akanipa kichupa, akasema mzee, hicho sio kibuyu, usijaze! Watu wakacheka. Nami nikacheka kidogo. Mara ya kwanza tangu tumzike mke wangu, Naisimoi.
Mkojo mweusi kama chai ya rangi. Wake ulianza hivyo hivyo. Nikaufunika kwa kiganja nikimpelekea Rosina.

Jumatano, 5 Machi
Majibu. Ini limeumia, ila si virusi. Naisimoi naye hakukutwa navyo. Pombe? Sinywi, nimeokoka. Dawa za kienyeji? Nikasema ndiyo, mizizi ya kuchemsha, kila asubuhi. Daktari akaweka kalamu chini. Acha mwezi mzima, usionje hata kidogo, tupime tena. Vipimo vikishuka tutajua kilichokuumiza.
Na kilichomuua yeye. Hilo hakulisema.

Jumapili, 16 Machi
Handeni. Sikwenda kanisani.
Fungu la mwisho la mizizi alilofunga Naisimoi bado liko juu ya kabati, na kipande cha kanga yake. Alikuwa akichemsha, anapuliza kikombe, ananipa ya juu, nyepesi. Ya chini, nzito, chungu, anamalizia yeye. Eti isimwagwe, mama mkwe kahangaika kuichimba.
Maana mizizi inatoka kwa mama yangu. Yeyo, ndivyo tunavyomwita mama, huichimba kwa mkono wake na kutuletea. Alimpenda Naisimoi kuliko sisi aliotuzaa.
Naomba vipimo vishuke. Naomba visishuke.

Jumanne, 8 Aprili
Korogwe tena. Mkojo umetakata. Rosina akasema, mzee, leo ungejaza hata kibuyu!
Vipimo vimeshuka. Karibu sawa na vya mtu mwenye afya. Daktari akanipa mkono — hongera. Nikakaa kwenye benchi nje. Gari la Handeni likaondoka, nikalitazama tu. Nimerudi Kilole. Upendo akaniwekea chakula.

Jumatano, 9 Aprili
Nimefika nyumbani, Yeyo yuko mlangoni! Ana fungu jipya, bado lina udongo. Nikainamisha kichwa kumwamkia, akanigusa utosini. Akanishika mashavu. Anasema mwili umenirudia, macho yameng'aa — unaona mwanangu, mizizi hii! Marehemu angekunywa zaidi, labda tungekuwa naye.
Nikaingia chumbani.
Sasa amewasha moto. Ananiuliza kutoka jikoni sufuria ya Naisimoi iko wapi. Anataka kuchemsha yetu sote wawili, safari imemchosha, na yeye atakunywa ya chini.
Nimemwambia nakuja, Yeyo.
Sufuria iko hapa chumbani, miguuni pangu. Anaita tena. Anasema maji ameshateka —