Nyonga Namba Tano

Łódź, 6 Septemba 2000

Kaka yangu mpendwa Leszek,

Nakusalimu kwa upendo, nikiomba barua hii ikukute mzima, ukiacha hiyo nyonga. Mimi mwili haujambo, moyo ndio hautulii. Mama je? Jumapili alinipigia simu akasema umeshapiga pasi suti ya kuvaa kwenye harusi ya binamu yetu Agnieszka, na kwamba mkongojo wako ataufanya mti wa kuegemezea miche ya nyanya. Nilicheka, kisha nikakata simu haraka nikisingizia chungu kinaungua.

Ningekupigia, lakini Mama hukaa sikio juu ya simu. Ndiyo maana naandika.

Kazi yangu unaijua. Tunavipaka vyuma vya nyonga za bandia utando mwembamba wa kaboni, kisha tunavifungia katika tangi lililonyonywa hewa na kuwasha plazma, ule mwanga wa zambarau. Utando ukipigwa nao, mfupa huushika vizuri. Lakini ukikaa hewani siku mbili tatu, nguvu hiyo hufifia. Kwa hiyo vyuma vikitoka huzamishwa majini papo hapo. Kipimo ni tone la maji: likitandaa, chuma ni kizuri, likisimama kama shanga, hakifai.

Ijumaa ya tarehe 25 Agosti ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa jina la mkuu wetu, Profesa Ludwik. Alileta keki ya tufaha na pombe ya cheri ya mkewe, jengo zima likaja kumbusu. Nilimwomba nivizamishe kwanza vyuma nilivyokuwa nimetoa. Akanishika mkono, akasema, “We Bronka nawe! Kwani vina miguu hivyo? Vitakimbilia wapi? Njoo ule.” Tukala, tukaimba, tukaishia kwenye kibustani chake nje ya mji. Nilidhani yeye amevizamisha, naye alidhani ni mimi.

Jumatatu nilivikuta vyote vinane juu ya sinia, vikavu. Nikadondosha tone. Likasimama.

Kuvirudisha tangini bila ripoti ni marufuku, na ripoti ingesimamisha majaribio ya vyuma hivi hospitalini mwezi mzima na kumwaibisha Profesa mbele ya madaktari. Leszek, niliogopa. Nikachukua kipande kingine kilichotoka kwenye tangi asubuhi ile, nikakipima hicho, tone likatandaa vizuri kabisa. Nikaandika vyuma vinane vimefaulu, nikasaini. Vikaenda hospitali.

Jana ikaja orodha ya wagonjwa wanane watakaowekewa vyuma hivyo. Namba tano ni wewe, Jumanne ijayo.

Usikubali kupasuliwa, kaka. Huenda mfupa ukashika, huenda usishike, na ukilegea watakupasua tena. Najua umengoja miaka miwili. Nitukane upendavyo, ila Jumanne usilale kwenye kile kitanda.

Na hili ndilo linalonitia aibu kuliko yote: hao saba wengine nilikuwa nimeshawasahau. Siku nane nilikula na kulala. Kama jina lako lisingekuwamo, barua hii nisingeiandika. Sasa nimeyasoma majina yao yote. Mmoja, mama mwenye umri wa Mama yetu, anapasuliwa kesho saa tatu. Nikishaitia barua hii posta nakwenda moja kwa moja kwa daktari wake, kabla hata ya kumwona Profesa, na atakachonifanya anifanye.

Mpe Mama salamu zangu nyingi. Habari hii nitamwambia mwenyewe.

Nduguyo akupendaye,
Bronka