Abiria wa Kiti cha Dirishani

Jumatatu, 3 Machi

Wengine huzaliwa na bahati. Mimi bahati ilingoja nizaliwe ndipo nayo ipate pa kukaa! Leo Reli wameniajiri. Mimi, fundi zipu, niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu alinionea wivu! Amekuja mama mmoja wa mradi, kofia ngumu, viatu vya kisigino, kasimama mbele ya kibanda changu nje ya stesheni mpya. Akaniangalia. Akaangalia masanduku ya wateja wasiorudi. Akasema Jumamosi mgeni rasmi anazindua treni ya kwenda jijini, nami nimo. Serikali hiyo! Cheo: Kitengo cha Abiria.

Nikampigia dada papo hapo. Goti lake halikunjiki, na basi ni saa sita magoti kifuani. Daktari wa mifupa jijini kampa miadi ya Jumatatu ijayo, baada ya kungoja miezi minane. Nikamwambia, dada, achana na basi. Treni itasimama stesheni yako, nimeshaiagiza. Nitakuwekea kiti, unyooshe mguu kama malkia.

Akasema maneno hayajanipungukia tangu ninanyonya. Lakini alicheka.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi ya kuwa abiria! Sikujua yanafundishwa. Tuko thelathini. Stesheni inang'aa mpaka unaona aibu ya viatu vyako. Viti vyote vimefungwa nailoni — marufuku kukalia kabla ya uzinduzi. Vyoo vya kisasa, kufuli la kisasa. Ngazi ya umeme imefika, umeme bado. Tumeambiwa tusimame juu yake tutabasamu, kama vile inapanda.

Mama Mradi na kipaza sauti: "Wewe wa koti la kijani! Sanduku lina nguo hilo, si manyoya. Lemewa kidogo!"

Nikalemewa.

"Umezidi, baba! Hujabeba jeneza!"

Kinyozi, jirani yangu wa kibanda, naye abiria, akacheka mpaka akaangusha lake. Likafunguka. Tupu! Zipu ile sikuwa nimeigusa bado, nisilaumiwe.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemuuliza Mama Mradi, kikazi tu, treni itasimama dakika ngapi pale stesheni ndogo ya kwa dada. Haisimami popote! Mgeni rasmi ana chakula cha mchana jijini saa saba kamili. Pale itapita polepole, watu wapige picha.

"Tumepaka rangi, baba. Tumeweka saa mpya, tumeweka bendera. Unataka nini tena?"

Nikasema treni.

Akasema hiyo ni awamu ya pili.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempigia dada nimwambie ukweli. Kaniwahi. Nafasi yake ya basi kamwachia jirani, na mabasi yamejaa hadi Jumanne. Kashona gauni. Mtaa mzima unamsindikiza, kawaambia mdogo wake, yaani mimi, ndiye anayeisimamisha.

"Haya, ulitaka kusema nini?"

Nikasema vaa viatu vya chini.

Mwoga mkubwa mimi!

Jumamosi, 8 Machi. Ndani ya treni

Kiti cha dirishani. Cha pembeni nimekiwekea koti — cha dada hicho, kinyozi kakitazama nikamkazia macho. Kazi yetu kupunga mkono. Tumewapungia ng'ombe, tumewapungia wafua nguo.

Kisha stesheni yake. Rangi mbichi. Saa mpya, bado imo kwenye nailoni. Na dada mbele ya watu wote, gauni la zambarau, mkoba mkononi, mguu mbovu umetangulia. Anatafuta dirisha kwa dirisha. Kaniona! Katabasamu mpaka nikaona pengo.

Mama Mradi akapaza, "Pungeni!"

Nikapunga. Dada naye akapunga. Halafu treni ikaendelea kupita, na mkono wake ukashuka taratibu.

Kuna kishikio chekundu juu ya dirisha. Nimekivuta.

Breki ni nzima kabisa, nawapongeza, mradi huu una kitu kizuri! Masanduku kumi na mawili yamedondoka na kupasuka mbele ya kamera, yote matupu. Kutoka behewa la mbele mtu anauliza kwa sauti ya tumbo kubwa ni nani huyo. Tumelipita jukwaa mita mia na zaidi. Dada anakuja kandokando ya reli, kamwegemea mmoja wa waliomsindikiza. Hatua, anapumzika. Hatua. Kutoka upande wa pili Mama Mradi anakuja na mkaguzi, na hao magoti yao ni mazima. Nimeweka mguu mlangoni usifungwe. Kinyozi naye kaweka wake, hakuuliza kitu. Naandika wima.

Daftari hili huenda wakalichukua, basi liwe safi: ile ya Jumatatu ni uongo. Reli hawakuniajiri. Mama Mradi alitaka masanduku. Mimi niliomba niyafuate.