Kwa Baba Yetu Crisanto Balderama, Aliyezipa Valvu Namba

Mwaka umetimia, Baba, tangu moyo wako uliposimama, wewe ukiwa umelala kando ya Mama. Nyumba bado inakutafuta. Mama hukupakulia majani ya magimbi yenye tui na pilipili nyingi, kisha anakumbuka, anampa Kaka Wilfredo.

Kazi yako ilikuwa kuzipa namba valvu, geji na mita zote za mtambo wa kusafisha maji. Uligonga namba kwenye vibao vya bati kwa nyundo yako ndogo, ukavifunga kwa waya. Nestor wa pampu alikutania, "Mzee Cris, hata paka wa hapa utamtundikia kibao?" Ukamjibu, "Paka hana shida. Anayepotea humu ni wewe, nitaanza na wewe."

Nilipoacha shule darasa la tano ulinichukua nikushikie vibao. Hukuniuliza kwa nini naogopa watu. Ulikuwa na sheria yako: kibao hakifungwi mpaka mmoja asome namba ya kwenye mchoro kwa sauti, na mwingine aweke mkono juu ya valvu yenyewe na kuirudia namba hiyo. Mimi nilinong'ona. Wewe ukasimama upande wa pili wa bomba. "Sikusikii, binti yangu. Pampu inakushinda." Hukuwahi kunifokea. Ulisubiri tu, mkono juu ya chuma, mpaka sauti itoke.

Ulituacha vichujio vipya havijapata namba, na bila namba visingewashwa. Sisi wa mtaa wa mlimani tungeendelea kubeba ndoo. Msimamizi, Bi Rosalina, akauliza nani atasoma. Nikanyoosha mkono kabla woga haujaniwahi. Kaka Wilfredo akaja kushika valvu.

Siku ya mwisho Kaka alikuwa na njaa. Nikasoma, "Valvu mia mbili na kumi na nne!"

"Ndiyo, ndiyo, funga twende tukale."

Mkono wake ulikuwa kwenye valvu ya jirani, ya kutolea maji machafu. Vibao vikibadilishana, siku ya kuosha vichujio wangefungua njia ya mlimani, nasi tungekunywa tope.

"Kaka, hiyo siyo! Hatuli mpaka uishike yenyewe!"

Nilipaza sauti hadi Nestor akachungulia kutoka kwenye pampu. "Haya, Mzee Cris karudi, safari hii kavaa sketi!"

Bi Rosalina, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, hakucheka. Alilifuata bomba kwa macho, polepole, kisha akasema, "Marisol, kazi ya baba yako ni yako. Jumatatu uje."

Maji yamefika mlimani, Baba. Leo tumevua nguo nyeusi za msiba. Mama amezifua asubuhi kwenye bomba la uani kwetu, huku akiimba, mara ya kwanza tangu utuache.

Unakumbukwa na mkeo Perpetua, mwanao Wilfredo na mkewe Jocelyn, mjukuu wako Tonyo, na mimi binti yako Marisol. Hatutakusahau siku hata moja ya maisha yetu.