Joto la Kifuani

Jumatano, 28 Aprili 1982

Uji tena. Tangu nibatizwe na Wamormoni chai nimeacha, kwao ni mwiko, na mdogo wangu Sekela ananipikia uji bila kununa. Kawaogesha watoto, kawapeleka shule, kisha kaenda foleni ya sabuni. Tangu mke wangu afariki, nyumba hii anaibeba yeye.

Jioni kaja mshenga. Kosmasi, Mmakonde anayechonga vinyago pale Mwenge, anataka kumuoa Sekela. Baba hayupo, mwenye kauli ni mie. Nimeomba muda nisali kwanza. Moyo umenipasuka paa! Wanangu atawalea nani?

Ijumaa, 30 Aprili

Tunasali sebuleni kwa Ndugu Alani, yule Mmarekani anayechimba visima, Mikocheni. Anafundisha kwamba Mungu hajanyamaza, anasema na watu hadi leo. Kata shauri kwanza, halafu uliza. Kifua kikiwaka joto, jibu ni ndiyo. Akili ikiingia kiza, ni hapana.

Leo baada ya kufundisha vipindi vyangu nimebaki darasani peke yangu, nikapiga magoti nyuma ya madawati. Sikuuliza kama aolewe. Nimeuliza: abaki kwangu?

Kifua kikawaka. Nimelia kwa furaha.

Jumamosi, 1 Mei

Nimemwambia Sekela kwamba nimefunuliwa. Alikuwa anachambua maharage. Mkono ukasimama.

"Mungu mwenyewe kasema, kaka?"

Nikasema ndiyo. Akarudi kwenye maharage yake. Mchana nimempa mshenga jibu la kukataa.

Jumapili, 2 Mei

Jumapili ya kufunga. Kila mwanzo wa mwezi tunashinda na njaa, na mwenye ushuhuda anasimama. Nimesimama. Nimeeleza yote. Mke wa Alani kafuta machozi. Nilijiona mtu mbele za Mungu. Alani mwenyewe kakunja uso, katangaza wimbo. Sekela alikuwa anatazama viatu vyake.

Alhamisi, 13 Mei

Sekela haimbi tena akifua. Mboga chumvi tupu. Nakula hivyo hivyo.

Jumapili, 16 Mei

Alani kaniita uani baada ya ibada. Kaniambia taratibu kwamba ufunuo una mipaka. Baba anaweza kupokea jibu la wanawe wadogo. Mtu mzima anajiulizia mwenyewe. Halafu akataka kujua niliuliza swali gani hasa.

Nikalitamka. Nikalisikia.

Aibu gani hii! Nilitamani ardhi inimeze pale pale. Swali nililipinda mwenyewe, jibu likaja lilivyopindwa. Lile joto lilikuwa la mwanamume aliyenusurika kupika na kufua. Na nikaliita sauti ya Mungu, tena mbele ya watu.

Jumanne, 18 Mei

Nimeshindwa kumwambia. Asubuhi nimemchapa mtoto darasani kwa kusema uongo. Mnafiki mkubwa mie.

Jumamosi, 22 Mei

Nimemwambia, jikoni, nimesimama mlangoni kama mgeni. Sikujitetea. Heri angenitukana. Akaepua sufuria, akakaa kwenye kibao cha mbuzi.

"Mie niliomba kabla yako, kaka. Nikajibiwa ndiyo. Ulipokuja na lako, nikaona wewe ndiye mkubwa. Nikasema labda langu ni tamaa tu."

Nimekwenda nyuma ya choo, nimelia. Nilidhani nimemnyima mume. Kumbe nimemfanya asimwamini Mungu anaposema naye.

Jumatatu, 24 Mei

Nimekwenda Mwenge. Upande wa mke kumfuata mwoaji! Kwetu Tukuyu wangenizomea hadi wachoke. Nimekwenda hivyo hivyo. Kosmasi kaniamkia shikamoo, kanisogezea gogo nikae. Nikamweleza yote, hata lile swali. Akaendelea kupiga msasa.

"Safari hii sitaki jibu lako, mwalimu. Aseme mwenyewe."

Nimeaga bila kumtazama usoni.

Jumapili, 6 Juni

Kufunga tena. Nimesimama palepale, nikayafuta maneno yangu mbele ya watu walewale. Mke wa Alani safari hii kainama. Nikakaa.

Tuliporudi nyumbani Sekela kasema anataka kuuliza upya. Kaingia chumbani, kashusha pazia. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikajikuta nimesogea hadi kwenye pazia, sikio nimelitega. Hata leo!

Nikazoa masufuria, nikatoka nayo uani. Nikayasugua kwa jivu na mchanga, kwa kelele, hata yale safi. Watoto wakalalamika njaa. Nikawasha mkaa mwenyewe, nikakoroga uji. Ukaungua.

Sekela katoka, macho mekundu. Kaonja uji, kacheka hadi kapaliwa. Kisha kafunga kanga kiunoni, kajitwika ndoo, kaenda bombani anaimba.

Sikumuuliza.