Risasi Kwenye Damu

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, sijui wewe na huo mgongo wako.

Mama, nimepata kazi! Kiwanda cha kwanza cha betri za sola nchini kwetu. Miaka yote tumenunua za wenzetu. Sasa tunayeyusha madini ya risasi ya betri kuukuu na kuunda zetu wenyewe. Mitambo ni mitumba, imeng'olewa kwenye kiwanda kilichofungwa ng'ambo, lakini inanguruma kama mipya. Mimi niko kwenye tanuri. Nyumba tumepewa nyuma ya ukuta tu. Mjukuu wako, yule chiriku, hafungi mdomo. Nikirudi ananirukia na vumbi langu lote nyweleni: "Baba, umezeeka!"

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unauma, tumeshazoeana. Nimewatangazia hata wasioniuliza. Mjomba wako anasema nchi iliyochelewa haina budi kukimbia. Sawa, lakini hata mkimbiaji huangalia anapokanyaga. Hilo vumbi ni la nini? Na hao wenzetu, chao walikifungia nini? Uliza.

Mama yako

11 Novemba

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya.

Chiriku ameacha kusema. Alianza kuumwa tumbo, akawa anasahau majina ya vitu, kisha degedege. Daktari akasema, "Ana risasi kwenye damu." Mke wangu akapiga ukelele, akamvua nguo akitafuta tundu. Kumbe ni lile vumbi, Mama. La nguo zangu.

Wafanyakazi tulikwenda kudai mabafu na vichujio vya moshi. Meneja hakutukaripia, alitukaribisha chai. "Kila nchi ilianza hivi," akasema. "Nikifunga vichujio, betri zetu zitakuwa ghali, watu watarudi kununua za nje, nanyi mtarudi vijiweni." Kesho yake mlinzi akanizuia getini.

Daktari anataka mtoto aondoke hapa upesi. Mama yake atamleta kwako Jumamosi. Mimi nabaki. Wenzangu nao wana watoto nyuma ya ukuta. Napita mlango kwa mlango kuwaambia. Wengine wananifungia.

Mwanao

2 Februari

Mwanangu,

Barua zangu mbili hukujibu. Mwenzako wa tanuri kaja kutuambia ulikamatwa, eti uchochezi. Hii naituma kwa mkono wake, Mungu akipenda ikufikie.

Degedege zimepungua. Jana mtoto kasema "maji". Neno moja tu, nikakaa chini nikalia.

Sikutaka kukuandikia haya. Wamekuja hapa kijijini wageni wenye mabuti kutafuta mahali pa kiwanda cha pili, kikubwa zaidi, maana cha kwanza kimeshamiri. Mkutanoni watu walipiga makofi hadi viganja vikawaka. Nikasimama, nikamwinua mjukuu wangu wamwone. Mwenyekiti akasema, "Mama, keti, usituletee mkosi." Mjomba wako amewauzia shamba lake. Msingi umeshachimbwa, upande ule unakotokea upepo.

Mkeo amefunga mizigo tangu asubuhi. Amekaa mlangoni na mtoto mapajani, ananiuliza tuelekee wapi. Nami nakuuliza wewe, mwanangu. Tuelekee wapi?

Mama yako